Grisi Iliyookoa Meli: Boti za Ziwa Tanganyika na Watu Ambao Hakuna Aliyeandika Majina Yao

Ukitoka Bukiriro kwenda kutafuta maji makubwa, utakutana na mto kabla ya kukutana na ziwa. Ngara ni nchi ya milima na migomba, na maji yake yanakimbia: Ruvubu unatoka Burundi, unakutana na Kagera, kisha wote wanaporomoka pale Rusumo mpakani na Rwanda. Boti ya starehe hapo? Sahau. Mtumbwi wa kuvukia sawa, speedboat hapana.

Ila jina la chombo king'ang'anizi kuliko vyote kwenye maziwa yetu lilipita hapo hapo. Mei 1894 Mjerumani mmoja wa ukoo wa kitajiri alivuka Kagera pale Rusumo akiwa na msafara wa mamia ya wapagazi, akaingia Rwanda, akaonana na Mwami Rwabugiri, akaendelea mpaka Ziwa Kivu na kutokezea Atlantiki. Aliitwa Gustav Adolf von Götzen. Baadaye alirudi akiwa gavana wa koloni zima, kuanzia 1901 hadi 1906, na vita vya Majimaji vilianza akiwa kitini. Alifariki 1910. Miaka mitatu baadaye jina lake likapakwa ubavuni mwa meli. Wale wapagazi wake waliovuka naye? Hakuna chombo hata kimoja chenye jina la mmoja wao.

Basi bwana, twende kwenye meli yenyewe.

Meli iliyokuja kwenye maboksi

Siku hizi mtu anaagiza injini ya boti Dubai, inakuja imefungwa kwenye kreti, anapiga picha anaposti. Sasa vuta picha kreti 5,000. Mwaka 1913 karakana ya Meyer, mji wa Papenburg kaskazini mwa Ujerumani, iliunda meli ya zaidi ya mita 70, ikaifungua yote vipande vipande, ikaipakia kwa ajili ya Dar es Salaam. Mafundi watatu wa karakana hiyo wakaambatana nayo. Kazi yao ilikuwa moja: kuiunga tena Kigoma, kuiwasha, warudi nyumbani kwao.

Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, lakini sehemu ya mwisho ya mzigo ilikuwa imeshabebwa kwa mabega. Chuma cha meli, juani, kilima baada ya kilima. Mafundi watatu wana majina vitabuni mpaka leo. Waliobeba hawana. Na waliopigilia ribiti pale Kigoma, mamia ya vibarua pamoja na mafundi wa Kihindi, nao ni hivyo hivyo. Ukisoma historia ya meli hii wanaitwa "wafanyakazi", basi.

Meli iliingia majini Februari 1915. Wakati huo vita kuu ilikuwa imeshaanza, na ile kazi ya kuunga na kurudi nyumbani ikafa. Graf von Götzen ikafungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyozamia Rufiji. Ziwa zima likawa la Mjerumani.

Halafu zikaja speedboat

Hapa ndipo mpenzi wa boti za kisasa atakapochangamka. Waingereza hawakuwa na meli Tanganyika na hawakuwa na muda wa kuunda. Mwindaji mmoja wa tembo akawapelekea wazo ambalo mtaani tungesema jamaa kavuta kitu: chukueni boti za kasi London, mzilete mpaka ziwani kwa nchi kavu. Wakakubali!

Zilikuwa boti mbili za karakana ya Thornycroft, futi 40 kila moja, mbao za mahogani, injini mbili za petroli za nguvu ya farasi 100 kila moja. Hazikuundwa kwa vita vya ziwani. Zilikuwa sehemu ya oda ya Wagiriki, za kuhudumia ndege za majini. Mkuu wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akarudi na majina mengine, Mimi na Toutou, wakapitisha bila kujua kwamba kwa Kifaransa cha mtaani ni nyau na bweka. Msomaji wa Kiswahili anacheka mara mbili, maana kwetu boti ya kwanza inajitambulisha kabisa: mimi.

Na hapo ndipo lilipo somo la kwanza la kila mwenye boti anayetaka kuipandisha hadhi: uzito. Boti nyepesi ya mbao ukiifunga mzinga puani, hiyo si boti ile ile tena. Mzinga wa Mimi ulibidi ushushwe chini mpaka mpigaji apige magoti, na ulielekezwa mbele tu, kwa sababu kishindo cha pembeni kingeweza kuuvunja mwili wa boti. Leo watu wanafunga injini kubwa kuliko boti, halafu wanashangaa ubao wa nyuma umepasuka. Ugonjwa ni ule ule.

Safari yao ingetosha filamu peke yake. Juni 1915 waliondoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, wakapanda treni mpaka Katanga, kisha zaidi ya kilomita 200 za nchi kavu kupita milima ya Mitumba, boti juu ya mikokoteni, zikivutwa na matrekta ya mvuke, ng'ombe na watu. Madaraja zaidi ya mia moja yalijengwa njiani. Waliojenga ni Wakongo, kwa idadi kubwa, na matrekta yale yalikunywa maji kuliko watu, kwa hiyo palikuwa na safari za kubeba maji vichwani ili mashine inywe kwanza. Hebu kaa na picha hiyo kidogo. Baada ya hapo ukafuata mto Lualaba, reli tena, na mwisho wa Oktoba wakawa ziwani, upande wa Kalemie ya leo.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku moja baada ya Krismasi, Mimi na Toutou zikaikimbilia meli ndogo ya Kijerumani, Kingani. Haikufikisha hata nusu ya kasi yao. Dakika chache tu, kwisha. Kingani ikatekwa ikiwa imetobolewa, ikazibwa, na hapo tena ikaja tamaa ya kuboresha. Wakaipa jina jipya, Fifi, wakaifunga puani mzinga mkubwa zaidi. Februari 1916 ikaenda nao vitani kuifukuza Hedwig von Wissmann, na kila mzinga ulipofyatuliwa mbele, kishindo kiliisimamisha Fifi kama mtu kakanyaga breki. Unamfukuza adui, na kila ukimpiga unabaki nyuma. Hedwig ilizamishwa mwishowe, lakini fundi yeyote wa boti ukimsimulia hiyo atatikisa kichwa.

Usiku wa grisi

Julai 1916. Wabelgiji wanaikaribia Kigoma. Mzinga wa Götzen umeshatolewa kwenda kutumika nchi kavu, na mahali pake pamewekwa wa mbao, wa kuzugia. Amri ikatoka: meli izamishwe, adui asiipate.

Wale mafundi watatu wa Papenburg bado wako pale. Ni wao walioiunga. Wangeweza kuweka baruti kwenye boila, kazi ikaisha kwa dakika. Badala yake walichukua grisi, wakaipaka mitambo yote, tabaka nene, kila kiungo kinachozunguka. Meli ikajazwa mchanga ili ikae vizuri chini. Tarehe 26 Julai wakaizamisha taratibu, si mbali na bandari, kwenye kina ambacho mtu angeweza kuifuata baadaye.

Watu wanasema walidhani Ujerumani itarudi. Inawezekana. Lakini kuna namna nyingine ya kuliona jambo hili, ambayo kila aliyewahi kulala chini ya injini ataielewa. Mtu aliyeunga kitu kwa mikono yake mwaka mzima hakivunji kirahisi. Amri ilisema zamisha. Haikusema haribu.

Na sayansi yake iko wazi. Chuma kinaota kutu kikipata maji na hewa pamoja. Grisi inavizuia vyote viwili. Tena Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi. Ingekuwa bahari ya Tanga, hadithi ingekuwa nyingine. Ndiyo maana mwenye boti Pwani anaambiwa kila akirudi asuuze injini kwa maji yasiyo na chumvi, wakati wa Kigoma au Mwanza anaweza kuchelewa kidogo asiumie sana. Na ndiyo maana injini ya nje ikidondoka majini, fundi mzuri hatakuambia uitoe uianike. Atakuambia ukiitoa, siku hiyo hiyo fungua plagi, mwaga maji yote kwenye silinda, tia oili, iwashe. Kama huna nafasi leo, bora ikae majini mpaka upate. Injini iliyolowa ikipigwa na hewa siku mbili tatu bila kuguswa, hiyo umeshaiaga.

Wabelgiji waliiinua meli, wakaikokota mpaka Kigoma, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaja, na Machi 1924 wakaitoa. Wakafuta tope, wakafuta grisi. Karibu miaka minane, sehemu kubwa chini ya maji, na mitambo na maboila bado vilikuwa vya kutumika! Mei 1927 ikarudi kazini na jina jipya, Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe upande wa kusini.

Hollywood inaingia

Habari za vita hivi zilimfikia mwandishi wa Kiingereza C.S. Forester, akatoa riwaya mwaka 1935. Mwaka 1951 John Huston akaigeuza filamu, The African Queen, akawaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn mpaka Uganda na Kongo. Waigizaji waliugua matumbo. Bogart na Huston wakapona, na wenyewe walidai ni kwa sababu waliyaogopa maji, wakanywa wiski tu. Boti ilizama wakiwa katikati ya kazi, ikabidi ivutwe. Bogart akapata Oscar yake pekee maishani.

Boti iliyoigiza ilikuwa ya kweli: futi 30, ya chuma, iliundwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912, jina lake Livingstone, ikafanya kazi Ziwa Albert na mto Nile mpaka 1968. Kisha ikauzwa Marekani, ikapita mikono kadhaa. Mwaka 1982 shabiki mmoja wa Florida aliikuta imetupwa kwenye shamba la farasi, akailipia dola 65,000. Watu wa karibu naye walionaje? Rahisi kukisia. Dola 65,000 kwa chuma chenye kutu!

Lakini huyo ndiye mwenye boti halisi, wa aina inayopatikana kila bandari duniani. Kununua ni siku moja. Kinachofuata ni miaka: kugonga kutu, kupaka rangi, kubadilisha mabati ya chini, kutafuta boila mpya. Alipoondoka, boti ilikaa tena mpaka mume na mke mmoja wa Key Largo walipoichukua, wakabadilisha chuma kilicholiwa pamoja na boila, na 2012, mwaka wake wa mia, ikarudi majini kubeba watalii. Na hapo ndipo panapouma kidogo. Mtalii anakalishwa kwenye boti, anaambiwa Bogart alishika usukani huu. Ni kweli. Ila Bogart aliushika kwa wiki chache. Kwa miaka zaidi ya 50 ulishikwa na manahodha na makuli wa Ziwa Albert, na hakuna anayewataja.

Ile nyingine bado ipo

Liemba haikwenda Florida. Ilibaki Kigoma ikapiga kazi. Miaka ya 1970 mitambo ya mvuke, ile iliyopakwa grisi, ikang'olewa, ikafungwa injini za dizeli. Wapenzi wa vitu vya kale walihuzunika. Abiria wa Kasanga waliotaka kuwahi na dagaa wao hawakuhuzunika hata kidogo. Ikakarabatiwa tena 1993, na miaka ya karibuni serikali imeiingiza tena kwenye mipango ya ukarabati, maana chombo cha umri ule hakikusamehi ukikilaza.

Mwaka 1997 ilirudisha maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kwao Kongo. Kisha Mei 2015 Burundi ikachafuka, na watu wakamiminika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, hakina barabara. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa ilikuwa maji. Ngara wanayajua mambo hayo, maana mwishoni mwa Aprili 1994 daraja la Rusumo lilivukwa na watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili ndani ya saa 24, wakatandaza turubai Benaco. Wale walikuja kwa miguu.

Wa Kagunga walipelekwa kwa mitumbwi mpaka kwenye kina, mama na watoto na magodoro, wakapandishwa ubavuni mwa Liemba, mamia kwa safari moja, kuelekea Kigoma, mwendo wa saa kadhaa. Chini ya miguu yao, mwili wa meli ulikuwa ule ule ulioungwa Kigoma mwaka 1915.