Barua ya Mgeni



Wapendwa, tangazo tulilolisoma Dominika mbili zilizopita limezua maneno mengi kuliko tulivyotazamia. Tuliomba kila anayehudumu kati ya watoto wa parokia, awe mlezi wa Utoto Mtakatifu, mwalimu wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, msimamizi wa watumikiaji wa altare au kiongozi wa kwaya ya watoto, alete ofisini cheti cha polisi kinachoonyesha kama ana rekodi ya jinai au hana, pamoja na majina ya watu wawili wanaomfahamu vizuri. Baada ya Misa, mama mmoja aliyeanza kufundisha katekisimu wakati sisi tungali seminari ndogo alitusubiri kwenye ngazi za kanisa. Akauliza, kwa upole unaouma kuliko ukali: "Baba, miaka yote hii, leo ndiyo mnataka kujua mimi ni nani?"

Swali lile halikustahili jibu la kwenye ngazi. Tumelibeba juma zima, na leo tunajaribu kulijibu kwa njia ya historia, kwa sababu jambo tuliloliomba si geni katika Kanisa kama linavyoonekana.

Kanisa la mwanzo lilikuwa Kanisa la wasafiri. Mtu alishuka melini katika mji asioujua, akasema ni ndugu, na ndugu wa mji ule walipaswa kuamua kama wamfungulie mlango. Ndiyo maana Mtume Paulo, katika sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi, anamtambulisha Fibi wa Kenkrea kabla ya kusalimu mtu mwingine yeyote. Na katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho anazigusa barua za kusifiwa kama desturi ambayo wasomaji wake waliifahamu vema. Desturi ikawa sheria. Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451, katika kanuni yake ya 13, ulikataza kabisa kleri mgeni asiyejulikana kuhudumu katika mji mwingine bila barua kutoka kwa askofu wake. Mtaguso wa Trento ulilirudia katazo hilo mwaka 1563. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 903, inataka padre asiyejulikana mahali aonyeshe barua iliyotolewa ndani ya mwaka huo, au walau iweze kuamuliwa kwa busara kwamba hakuna kinachomzuia kuadhimisha Misa.

Sisi wenyewe tumewahi kufika parokia ya mbali tukiwa likizoni, tumechoka na vumbi la safari, na sakristani mzee akakataa katakata kutufungulia sakristia mpaka aione karatasi. Siku ile tulinuna. Leo tungependa kumpata sakristani kama yule.

Na ndoa je? Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza ndoa zitangazwe hadharani ili mwenye kujua kizuizi akiseme, na Trento ikaweka matangazo matatu. Mpaka leo tunasoma majina ya wachumba, wazazi wao na vigango wanakotoka, na jumuiya nzima inaulizwa bila haya yoyote: je, kuna mwenye neno juu ya mtu huyu? Hatujapata kumwona bwana harusi akija ofisini kulalamika kwamba ametukanwa.

Basi padre ataonyesha barua ndipo aguse altare, na bwana harusi atatangazwa ndipo apewe binti wa watu, ambaye ni mtu mzima na anaweza kujisemea. Lakini kijana aliyehamia mtaani miezi mitatu iliyopita, mwenye sauti nzuri na gitaa, tunamkabidhi watoto themanini Jumamosi mchana kwa sababu amejitolea. Hapo ndipo desturi yetu ndefu ya kuuliza ilipoachwa, mahali ilipohitajika kuliko pote.

Haikuachwa kwa ubaya. Wazee wetu hawakuhitaji karatasi kwa kuwa walijuana. Katika vijiji vya Uzaramo, kuanzia Maneromango hadi Mzenga, mwali hakuwekwa mikononi mwa mtu asiyejulikana ukoo wake, na mjomba alikuwa na neno zito juu ya mtoto wa dada yake. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, TANU ilipanga watu kwa nyumba kumi kumi, na balozi akawa ndiye mwenye kujua nani amelala kwa nani. Mfumo ule ulikuwa na shabaha zake za kisiasa, na wapo walioonja uchungu wake, hatuutamani urudi. Lakini mgeni alifahamika kabla ya kupambazuka.

Sasa itazameni Kibaha ya leo, tangu Maili Moja hadi Mlandizi, na Kisarawe inayoshikana na Pugu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mkoa wa Pwani watu 1,098,668. Ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni 2. Ndani ya miaka kumi karibu kila mwenyeji amepata jirani mpya. Watu wamefuata viwanja na viwanda, wanaondoka alfajiri kwenda Dar es Salaam na kurudi usiku, na katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo wapo waliosali pamoja mwaka mzima bila kujua jina la pili la mwenzao. Tunamwita "Mwalimu", au "Baba Neema", na jina lililo katika kitambulisho chake cha taifa hatujapata kulisikia. Barua ya serikali ya mtaa bado ipo na tunaithamini, lakini nayo mara nyingi huandikwa na mtu aliyemwona mwombaji asubuhi hiyo hiyo.

Kuna watoto ambao hata zamani hawakuwa na mjomba wa kuuliza kwa niaba yao. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani, na miaka ishirini baadaye Wabenediktini walifungua misheni yao Pugu, jirani kabisa na Kisarawe. Yapo mema makubwa yaliyotendwa pale, na Wabenediktini wengine waliyalipia kwa damu yao misheni ya Pugu iliposhambuliwa Januari 1889. Hata hivyo mtoto yule alitoka mikononi mwa mgeni mmoja kwenda mikononi mwa mgeni mwingine, na usalama wake wote ulitegemea jambo moja tu: kwamba huyu wa pili alikuwa mtu mwema. Nyumba za yatima zilizochipuka Afrika Mashariki katika miongo ya karibuni zimewarithisha watoto wengi hali hiyo hiyo.

Jirani zetu wa Kenya wamelipa gharama ya kujifunza. Mwaka 2008 Mmarekani aitwaye Gregory Dow alifungua makao ya watoto huko Boito, kaunti ya Bomet. Alijitambulisha kama mmisionari. Mwaka 1996, katika jimbo la Iowa, alikuwa amekiri kosa la shambulio lenye nia ya udhalilishaji wa kingono, na ikaamriwa awekwe katika orodha ya wakosaji wa aina hiyo. Kenya ilikuwa imekwisha kutunga, mwaka 2006, sheria inayomhesabu kuwa mkosaji mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa ya kujamiiana akificha hatia yake anapoomba au kukubali kazi ya kulea watoto. Sheria ilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kuuliza. Waliouliza hatimaye ni wanakijiji wenyewe na mama mmoja Mkenya aliyeishi Lancaster, Pennsylvania, mji alikotoka Dow. Februari 2021 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miaka 15 na miezi 8 kwa kuwadhulumu wasichana wa makao yale. Karatasi moja, iliyoombwa mwaka 2008, ingetosha.

Lakini tusikimbilie kuiabudu karatasi. Matthew Durham, kijana wa Oklahoma, alikuja Nairobi mara kadhaa kati ya mwaka 2012 na 2014 kujitolea katika makao ya watoto. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini na mmoja, hakuwa na rekodi yoyote, na cheti chake kingekuwa cheupe kama kanzu ya Pasaka. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 40. Kilichohitajika kwake si cheti bali utaratibu wa nyumba: mtu wa nje asilale karibu na watoto, asibaki nao peke yake.

Hata mahali ambapo cheti huombwa, huweza kuombwa kwa jina lisilo lake. Ian Huntley, mlinzi na msimamizi wa majengo wa shule huko Soham, Uingereza, aliyewaua wasichana wawili wa miaka kumi mnamo Agosti 2002, alikuwa ametuhumiwa mara kadhaa katika eneo la polisi la Humberside bila kutiwa hatiani kwa makosa hayo. Na alipoajiriwa alichunguzwa kwa jina la Nixon, bila jina la Huntley kutazamwa. Tume ya Bichard ilitoa taarifa yake mwaka 2004, na Uingereza ikajenga upya mfumo wake wote wa kuwachunguza wanaofanya kazi na watoto. Turudi kwa "Baba Neema" wetu: je, tungempelekea polisi jina gani?

Tena cheti huonyesha tu yale yaliyofika mahakamani. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwetu mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 uligundua kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamepatwa na ukatili wa kingono kabla ya kufikia miaka 18, na wengi wao hawakumwambia mtu. Mtoto asiposema, hakuna kesi. Pasipo kesi, hakuna rekodi. Na cheti kinatoka safi.

Kuna jambo zito zaidi, nasi hatuwezi kulipita kimya wakati tunawadai ninyi karatasi. Barua ile ya kale, fahari ya Kalsedonia, iligeuzwa na wenye Kanisa kuwa pazia. Mwaka 1990 Jimbo Kuu la Boston liliandikia jimbo la San Bernardino, California, kwamba Padre Paul Shanley hana tatizo lolote, ilhali jalada lake lilikuwa na malalamiko ya miaka mingi. Alipokelewa kwa barua hiyo. Alitiwa hatiani mwaka 2005 kwa kumbaka mvulana. Kumbe mlango ulikuwa na bawabu, barua iliombwa, saini ilikuwepo, na saini ndiyo iliyosema uongo. Maaskofu wa Marekani waliweka masharti ya kuwachunguza mapadre, waajiriwa na wanaojitolea mwaka 2002, na mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko, kwa hati yake Vos estis lux mundi, aliweka utaratibu wa kutoa taarifa kwa Kanisa lote. Masharti hayo yalizaliwa na machozi ya watoto ambao watu wazima waliokuwa na majalada hawakuwasikiliza.

Nasi tuna barua yetu. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alikuja ofisini siku ya kazi nyingi. Alikuwa amekaa nasi miezi minne, alikuwa anahama, na alitaka tumwandikie barua ya utambulisho kwa paroko wa huko aendako. Tuliandika kwamba ni Mkristo mwadilifu na mpenda watoto, tukagonga muhuri. Kazi yote haikuchukua dakika tano. Mwaka uliofuata paroko yule alitupigia simu, akauliza jambo moja tu: "Padre, huyu ulimfahamu kweli?" Hakutueleza zaidi, nasi hatukuwa na ujasiri wa kuuliza. Kijana alikuwa amekwisha kuondoka pale pia. Hatujui kama alikosa neno au la, na si haki kumhukumu. Tunachojua ni kwamba tulithibitisha kwa muhuri wa parokia jambo tusilolijua.

Kwa hiyo, wapendwa, jalada tunaloanzisha lina zaidi ya cheti. Lina jina kamili kama lilivyo katika kitambulisho cha taifa. Lina jina la parokia mtu alikotoka, na sisi wenyewe tutapiga simu huko. Hatutaridhika na muhuri, hata uwe kama wetu. Gharama ya cheti italipwa na parokia, ili asiwepo anayekosa utume kwa sababu ya nauli na ada. Mafundisho yatakuwa na watu wazima wawili, mlango wazi, na hakuna mtoto atakayepakiwa peke yake kwenye pikipiki ya mlezi, hata mvua ikinyesha. Mwenye wasiwasi asimngoje paroko: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwajibisha kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuzifikisha kwa serikali ya mtaa, na yapo pia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na namba ya simu 116.

Yule mama tulimtembelea nyumbani Jumatano. Tulimwambia kwamba hatumtilii shaka. Ila tukimwacha yeye kwa kuwa tunamfahamu, kesho atakuja mwenye tabasamu zuri kuliko lake na kusema naye anafahamika. Alinyamaza kidogo, akamenya chungwa, akatupa nusu. Kisha akauliza: "Na ninyi mapadre, mmekwenda?"

Tulikuwa hatujakwenda. Tulikwenda kesho yake asubuhi, tukasimama kwenye foleni pamoja na vijana wanaotafuta kazi za nje, tukachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Jalada la kwanza kabatini lina jina letu.