Majengo: Mimbari, Buti na Risasi Zisizo na Mwenyewe

Majengoni Mombasa mtu anaweza kuwa na nyumba na asiwe na ardhi. Kuta zake, paa lake, kiwanja cha mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi mwaka nenda mwaka rudi. Naanza na hilo kwa sababu habari nyingi za mtaa huu huanza na mabomu ya machozi, utadhani vijana wa Masjid Musa, msikiti wa mtaani hapa, waliota tu kama uyoga.

Hasira yao ilikuwa siasa kabla haijawa kitu kingine. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Islamic Party of Kenya (IPK) ilinyimwa usajili kwa kuwa, serikali ilisema, ni chama cha dini. Mtetezi wake, Sheikh Khalid Balala, alijaza viwanja kwa hotuba, akatiwa mbaroni, na Mombasa ikashuhudia mawe na moto. Mwaka uliofuata likazuka kundi la United Muslims of Africa kupambana na IPK, na wengi waliuona humo mkono wa KANU, chama tawala. Mlango wa kura ukafungwa. Uliobaki wazi ni wa msikiti.

Kisha likaja bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi mwaka 1998, na la hoteli ya Kikambala mwaka 2002. Kikosi cha polisi cha kupambana na ugaidi kilipoundwa mwaka 2003, Pwani ndiyo iliyouzoea mlio wa mlango unaovunjwa usiku.

Sheikh Aboud Rogo, aliyehubiri Masjid Musa, hakuwa mtu wa maneno matamu. Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo Julai 2012 kwa kulisaidia kundi la wapiganaji la al-Shabaab. Lakini alikuwa na kesi mahakamani, na hukumu haikuja: tarehe 27 Agosti mwaka huohuo alimiminiwa risasi garini huko Bamburi, mkewe akiwa naye. Majengo ikalipuka kwa siku kadhaa, makanisa yakavamiwa. Jopo lililoongozwa na ofisi ya mkuu wa mashtaka lilichunguza, likashindwa kusema nani aliua.

Mwaka mmoja baadaye ikarudiwa karibu neno kwa neno. Usiku wa tarehe 3 Oktoba 2013, Sheikh Ibrahim Ismail, aliyerithi mimbari ya Rogo, aliuawa pamoja na wenzake watatu kwenye barabara ileile ya Bamburi. Kesho yake, Ijumaa, kanisa la Jeshi la Wokovu liliteketezwa. Waumini wa kanisa hilo hawakuwa wamemuua mtu. Walikuwa majirani tu, na ujirani haukuwakinga.

Wakati huo Masjid Musa ilikuwa imeshawatoka wazee. Vijana waliibatiza Masjid Shuhadaa na kupandisha bendera nyeusi. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliingia ndani na buti zao, wakakamata watu 129. Askari aliuawa kwa kisu. Raia nao walikufa. Buti juu ya mkeka wa kuswalia zilikuwa zawadi kubwa kwa wahubiri wa chuki, kwani ziliwaudhi hata Waislamu ambao wasingekaa darsa moja na Rogo. Machi watu wenye bunduki waliwaua waumini kanisani Likoni. Aprili mosi Abubakar Shariff, mhubiri mwenzake Rogo aliyejulikana kama Makaburi, aliuawa nje ya mahakama ya Shanzu.

Halafu Sheikh Mohammed Idris. Huyu alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, mpinzani wa siasa kali, aliyefurushwa na vijana katika msikiti wa Sakina. Juni 2014 alipigwa risasi Likoni alfajiri akienda kuswali. Wanaoieleza Majengo kuwa vita vya Waislamu na polisi humruka, maana hesabu yao haimchukui. Ugomvi ulikuwa pia wa nani anashika funguo za msikiti, baba au mwana.

Novemba polisi walirudi Musa na Sakina, kisha wakavamia misikiti miwili ya Kisauni, wakakamata mamia na kudai wamepata maguruneti. Misikiti ilifungwa, baadaye ikafunguliwa chini ya usimamizi mpya. Desemba Al Jazeera ikaonyesha filamu ambamo watu waliojieleza kuwa askari wa Kenya walisema wameua washukiwa kwa amri, serikali ikakanusha. Kwa mauaji ya Rogo na Makaburi, hakuna aliyehukumiwa.