Kabla ya Kiraka Kushika

Ndugu msomaji, kuna swali nimelibeba tangu nilipomaliza kidato cha nne, wala halikuwa la mtihani: kwa nini mpira haushiki mpira? Chukua tyubu ya baiskeli iliyotoboka. Kata kiraka kutoka tyubu nyingine, paka gundi, bandika, kandamiza kwa nguvu zako zote. Kesho yake kimebanduka kama gome la mti mkavu. Mpelekee fundi tyubu ileile na kiraka kilekile, uone. Kitakaa mpaka baiskeli yenyewe iuzwe chuma chakavu.

Huku kwetu Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu, hilo si swali la mchezo. Baiskeli ndiyo gari, ndiyo mkokoteni, na usiku wa shida ndiyo machela. Inabeba mkungu wa ndizi, inabeba gunia la maharage, inabeba mama mjamzito anayewahishwa zahanati. Kiraka kikiachia njiani katikati ya mteremko, habari inayofika nyumbani yaweza kuwa ya msiba. Kwa hiyo fundi pancha anayekaa chini ya mwembe na karai lake la maji machafu ni mtu wa kuheshimiwa, hata kama watoto wanamcheka kwa mikono yake myeusi.

Nilianza kwenda kukaa kwa mzee mmoja wa kazi hiyo kwa sababu nilitaka mhusika wa riwaya yangu awe fundi. (Riwaya bado, usiniulize.) Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba, kijana. Pancha?" Nikasema la, nataka kutazama tu. Akanishangaa kidogo, kisha akaendelea na kazi yake, na mimi nikatazama.

Anajaza tyubu upepo, anaizungusha ndani ya karai, anasubiri mapovu yamwonyeshe tundu. Anapaka alama, anaifuta tyubu ikauke. Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo wenye haraka wanaporuka. Anachukua kipande cha kopo alichokitoboatoboa kwa msumari, ile ncha kali ikatokea upande wa pili kama mbuzi ya kukunia nazi, anaanza kukwangua. Anakwangua tyubu kuzunguka tundu, eneo kubwa kuliko kiraka chenyewe. Anakwangua na kiraka. Ule weusi unaong'aa unaondoka, unabaki weusi uliofifia wenye vinyweleo. Anapuliza vumbi. Hapagusi tena kwa kidole. Anapaka solusheni nyembamba, kisha, bwana, anakaa! Anapiga soga, anasalimiana na wapita njia, solusheni inakauka. Mimi nilidhani gundi hubandikwa ikiwa mbichi. La hasha. Anaijaribu kwa mgongo wa kidole pembeni, ikiwa hailowanishi tena bali inanata tu, ndipo anabandika na kugongagonga kwa kinyundo kuanzia katikati kwenda pembeni, hewa isibaki.

Nikamwuliza kwa nini asibandike moja kwa moja. Akanijibu, "Mpira una ngozi kama mtu, kijana. Usipoichuna, unabandika juu ya ngozi, hubandiki juu ya nyama."

Maneno hayo yalinipeleka mbali. Nilianza kusoma kila nilichokipata kuhusu mpira, na nikagundua kwamba mzee alikuwa ameisema kwa sentensi mbili historia ya miaka mia mbili.

Hapo zamani mpira ulikuwa hauna ngozi hiyo. Utomvu wa miti ambao wenyeji wa Amerika ya Kati na Kusini waliutumia karne nyingi kutengenezea mipira ya kuchezea ulikuwa unanata wenyewe. Wazungu walipoupata, kunata huko kukawa faida na balaa kwa pamoja. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow aliuyeyusha mpira mbichi kwa mafuta mepesi yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, akaupaka katikati ya vitambaa viwili, akapata koti lisilopitisha mvua. Hebu fikiri: mpira mbichi ulioyeyushwa ndani ya mafuta yanayoruka hewani. Hiyo ndiyo solusheni! Kile kitu kilichomo ndani ya kopo la mzee wangu ni mjukuu wa koti la Macintosh. Lakini makoti yenyewe yalikuwa na kero: jua likichoma yananata na kunuka, baridi ikiingia yanakakamaa.

Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliochanganywa na kiberiti cha unga kisha ukapikwa kwa moto haunati tena na wala haukakamai. Nyuzinyuzi za mpira mbichi ni kama kamba ndefu zilizolala ovyo, kila moja yaweza kuteleza. Kiberiti kikipikwa nazo kinazifunga kamba kwa kamba, fundo kwa fundo. Mpira unakuwa kitu kimoja kigumu chenye kunyumbuka. Ila, na hapa ndipo penye swali langu, kamba zilizokwisha kufungana hazina tena hamu ya kushikana na mgeni. Goodyear aliuponya mpira ugonjwa wa kunata, na toka siku hiyo kila anayetaka kubandika kitu juu ya mpira uliopikwa lazima apigane na dawa ya Goodyear.

Aidha, kiwandani wanaongeza ukaidi. Tairi au tyubu inapikwa ndani ya chungu cha chuma, na ili isigande humo wanapaka dawa ya kuteleza au unga. Dawa hiyo inabaki juu ya mpira. Juu yake linakuja jua, mafuta ya mikono, vumbi letu jekundu la Kasulu. Tabaka juu ya tabaka. Kukwangua ni kuyaondoa yote hayo mpaka ufikie mpira ambao haujaona jua, na kuupa mikwaruzo ambayo solusheni itaingia ndani yake kama mizizi. Ukisha kukwangua usiache mpaka kesho, maana mpira unaanza kuota ngozi tena.

Wakubwa wa dunia nao walisumbuliwa na gundi. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, aliandikisha tairi lake la upepo mwaka 1888. Tairi lake lilikuwa limegandishwa kwenye rimu. Mwaka uliofuata mwendesha baiskeli mmoja alifika na tairi kama hilo kwenye kiwanda cha ndugu Michelin huko Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulibandua na kuliziba kulichukua saa tatu na zaidi, kisha likaachwa usiku kucha gundi ikauke. Ndugu hao wakaona huu ni wazimu, wakabuni tairi linalovuliwa, na mwaka 1891 Charles Terront akashinda nalo mbio za Paris kwenda Brest na kurudi. Kwa hiyo lile tairi analolivua fundi kwa vijiko viwili vya chuma lilizaliwa na hasira za watu waliochoka kusubiri gundi.

Baiskeli zikaenea, magari yakafuata, Ulaya ikawa na njaa ya mpira. Njaa hiyo ililishwa na nani?

Siku isiyo na ukungu, ukisimama Kigoma mjini unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Ndani zaidi, kwenye misitu ya Ikweta, mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa na nchi yake binafsi kuanzia mwaka 1885 hadi 1908. Mpira wa huko haukuwa wa mashamba, ulitoka kwenye mitambaazi ya porini. Mwanakijiji alipangiwa uzito wa kuleta, na asipotimiza, mkewe akashikwa rehani, au askari wakaja. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiingereza, alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala amekaa barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Ndivyo vilivyobaki. Picha hiyo ilizunguka Ulaya na Marekani na kuwatoa watu machozi.

Lakini kuna jambo dogo katika kumbukumbu za Kongo ambalo mimi limenishika kuliko yote. Ili utomvu ugande, mchumaji mara nyingi aliupaka mwilini mwake: mikononi, kifuani, mapajani. Ukisha kukauka aliuchuna, ukatoka na vinyweleo. Ofisa mmoja wa jeshi la Leopold aliandika kwa utulivu kabisa kwamba mara za mwanzo kuna maumivu. Basi ndugu msomaji, ngozi ya mtu haikuhitaji kukwanguliwa kwa kopo. Mpira mbichi uliishika vilevile. Ulipokwisha kupikwa na kuuzwa Ulaya ndipo ukawa na maringo ya kutoshika chochote.

Upande wetu Wajerumani walipanda mpira wa Ceara Tanga na Muheza. Mambo yalinoga bei ilipopanda mwaka 1910, yakavunjika mwaka 1913. Mbegu ambazo Mwingereza Henry Wickham alizitoa Brazil mwaka 1876 zilikuwa zimezaa mashamba makubwa Malaya, na mpira wa huko ulikuwa rahisi na bora. Mashamba yetu yakageuka pori. Halafu Wajapani wakaiteka Malaya na Singapore mwaka 1942, na Mwingereza aliyekuwa hana habari na ile miti akaikumbuka ghafla. Mashamba ya zamani ya Mjerumani yakafufuliwa, na baadhi ya wafanyakazi waliletwa kwa amri, si kwa hiari.

Hapo Waha tunaingia. Buha ilifanywa ghala la vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo walipanda treni wakaenda Tanga kukata mkonge, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU. Babu yangu mzaa baba alikwenda huko miaka ya hamsini. Alitusimulia miti yenye makovu aliyoiona njia ya Muheza, imekatwa mistari mistari kama mtu aliyechanjwa. Hakujua ni miti gani mpaka mwenzake alipochokoa kovu kwa kisu na kumpaka utomvu mkononi. "Haukutoka siku mbili," alikuwa akisema, anacheka. Alirudi na mablanketi mawili na baiskeli ya mkono wa pili. Nadhani hakuwahi kuunganisha ule utomvu na matairi ya baiskeli ile. Nani angemwambia?

Tanzania huru ilijaribu kuunganisha. General Tyre East Africa iliundwa mwaka 1969, serikali ikiwa na hisa nyingi pamoja na kampuni ya General Tire ya Marekani, na matairi yakaanza kutoka Arusha mwaka 1971. Yakawepo mashamba ya mpira ya Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero ili kiwanda kipate mpira wa nyumbani. Kwa mara ya kwanza mti uliogemwa hapa uliweza kuwa tairi lililoviringika hapa. Wazee bado wanayasifu matairi yale. Kabla ya mwaka 2010 kiwanda kilikuwa kimenyamaza, na tangu hapo ahadi za kukifufua tumezisikia sana. Mimi hilo linaniuma. Kopo la mzee wangu limeishi kuliko mitambo ya Arusha.

Lakini kanuni ya kopo ndiyo hiyohiyo ya mitambo. Tairi la lori likiisha kashata, mwili wake ukiwa mzima, huvalishwa mpira mpya juu. Kwanza linazungushwa kwenye mashine yenye meno ya chuma, linakwanguliwa mpaka liwe na vinyweleo vya namna moja. Halipaswi kuguswa kwa mkono wala kuachwa likae. Linapakwa solusheni, linawekewa utando wa mpira mbichi, kisha kashata mpya, kisha linapikwa. Ule mpira mbichi wa katikati ndio mshenga: unaiva ukiwa umezishika pande zote mbili. Wapo wanaosema kila kipande cha tairi unachokiona kimelala kando ya barabara ni cha tairi la kuvalishwa. Si kweli. Hata tairi jipya likikimbizwa bila upepo wa kutosha hupata moto na kuchanika.

Kwetu yupo pia fundi anayefanya hayo kwa udogo. Anaweka kipande cha mpira mbichi juu ya tyubu iliyokwanguliwa, anaibana na pistoni ya zamani ya injini, anamimina petroli kidogo ndani ya pistoni, anawasha. Moto ukizima kiraka kimeiva. Ni jiko la Goodyear lenye ukubwa wa kikombe. Na hata hizi pikipiki mpya zisizo na tyubu, zinazozibwa kwa kamba yenye gundi, fundi hutangulia kuingiza tundu chuma chenye meno kama tupa, akakisokota huku na huku. Nilimwuliza kijana mmoja wa bodaboda kwa nini, akasema, "Si ndo linasafishwa, kaka, la sivyo kamba inachomoka."

Mwisho wa tairi huku kwetu ni katambuga. Tairi lililokataa kila kiraka linakatwa kwa kisu kilicholoweshwa maji, ili kisinate, linakuwa viatu vya shambani. Nilimwuliza mshonaji kama anatumia solusheni kufunga mikanda. Akanitazama kama mtu asiye na akili nyingi. Tairi la miaka kumi na tano barabarani, alisema, litakwanguliwa mpaka lini? Akachukua misumari midogo, akaipigilia, akaikunja ncha upande wa pili.