Shingo za Farasi, Koo za Wagombea

Msemo wa Kiingereza "neck and neck" ulitoka kwenye mbio za farasi, na huko shingo ni kipimo hasa. Waamuzi wa Uingereza hutaja pengo kati ya mshindi na anayemfuata kwa viungo vya mnyama: pua, kichwa, shingo, kisha nusu ya urefu wa farasi, na kuendelea. Farasi ambao shingo zao zimelingana hawajapitana hata kwa pua.

Watafsiri wa habari, saa ya kwenda hewani ikikaribia, hukimbilia "bega kwa bega". Hapo maana hupinduka. Kwetu walio bega kwa bega wanasaidiana: wanajenga zahanati, wanamzika jirani. Ukisema wagombea wawili wa urais wa Marekani wako bega kwa bega, msikilizaji atadhani wameungana. "Shingo kwa shingo" haipotoshi, ila imepooza. Asiyefuatilia mbio za farasi haoni kitu.

Neno tunalo: kukabana koo. Simba na Yanga wakifukuzana kileleni mwa ligi, magazeti husema wanakabana koo. Matokeo ya kura yakipanda na kushuka, wagombea nao hukabana koo. Ni kweli ukali umeongezeka. Farasi wanakimbia sambamba bila kugusana, ilhali wanaokabana wanataka kunyimana pumzi. Sioni hasara. Aliyewahi kukesha akisubiri matokeo ya jimbo anajua ipi kati ya picha hizo mbili inafaa siasa.

Linalosahaulika zaidi ni wakati wa kuutumia. Msemo huu hueleza shindano likiwa linaendelea; udogo wa pengo la mwisho ni habari nyingine. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch mwaka 1974, Filbert Bayi wa Tanzania alishinda mita 1,500 kwa rekodi ya dunia ya 3:32.16, na John Walker wa New Zealand akamaliza kwa 3:32.52. Pengo dogo, lakini hawakukabana koo: Bayi aliongoza tangu mwanzo, Walker akawa anamkaribia tu mwishoni. Linganisha na mita 10,000 za Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Paul Tergat wa Kenya alichomoka katika mzunguko wa mwisho, Haile Gebrselassie wa Ethiopia akamwandama, wakakabana hadi kwenye utepe. Gebrselassie alishinda kwa sekunde 0.09, pengo dogo kuliko lile la wa kwanza na wa pili katika mita 100 za wanaume kwenye michezo hiyohiyo!

Kwa hiyo mwandishi anayeripoti baada ya kipenga aseme mtu kashinda kwa tofauti ndogo, au chupuchupu kama alikaribia kushindwa. Ikiwa ni sare, watangazaji wa soka walishatupatia lao: timu zimetoshana nguvu.