Mbwembwe na madaha

Mwimbaji akipwaya sauti jukwaani, jirani yangu ukumbini huniinamia sikioni: "Sauti hana, lakini mbwembwe anazo!" Huku anachomoa noti akamtunze.

Mimi ningechagua neno jingine: madaha. Sikiliza vitenzi vya maneno hayo mawili. Mbwembwe hutiwa, kama chumvi: miwani ya giza usiku, mpambe wa kushika leso. Madaha hayatiwi, mtu hutembea kwa madaha, hugeuza shingo kwa madaha, hata kunyamaza.

Mfano wangu wa madaha ni mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013. Uzeeni sauti yake ilikwaruza kama mlango wa bawaba kavu, na mwalimu wa muziki angepata mengi ya kusahihisha. Lakini akishajifunga ngoma ya msondo kiunoni na kuupiga, bibi kizee yule, ukumbi mzima ulikuwa wake. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX huko Ulaya. Hayo ni madaha, si mbwembwe. Nimemweleza jirani, amekubali, kisha akaenda kumtunza tena yule mwimbaji wa miwani ya giza.