Uyoka na Maua: Picha au Kivuli?

Aliyezoea kulisikia neno eksirei hospitalini huwaza kifua na mfupa uliovunjika. Kwa hiyo mfasiri akutanapo na habari za maua yaliyopigwa eksirei, yakatundikwa ukutani kama kazi ya sanaa, hutatizwa aseme nini. Tunaona kuwa historia ya sanaa hiyo yaweza kumsaidia.

Mwezi wa Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi asiyoijua asili yake, akaipa jina la herufi X, kama wanahisabati waitavyo kisichojulikana. Mapema mwaka 1896, mjini Vienna, Josef Maria Eder na Eduard Valenta walitoa mkusanyo wa picha 15 za mionzi hiyo, zikiwamo za samaki na vyura, zilizochapwa kwa uzuri ambao tabibu hauhitaji. Katika miaka ya 1930, Dain Tasker, daktari wa eksirei huko Los Angeles, Marekani, aliyageukia maua. Kazi yake iitwayo Lotus, ya ua la majini, ni ya mwaka 1930.

Na tutazame namna kazi hiyo ifanywavyo. Hapana kamera wala lenzi. Ua huwekwa mbele ya filamu, mionzi ikapita ndani yake. Mionzi mikali hupenya petali bila ya kuacha alama. Kwa hiyo hutakiwa mionzi hafifu. Palipo pazito mionzi huzuiwa, na filamu hubaki angavu. Penye petali moja tu huingia giza zaidi. Filamu ichapwapo katika karatasi, mambo hugeuka: ua huonekana kama moshi juu ya weupe, na ovari hudhihirika ndani yake bila ya ua kupasuliwa.

Basi kilichopatikana ni kivuli. Kuandika kwamba msanii "alitumia kamera ya eksirei" si kosa la lugha tu, bali ni kosa la maarifa. Twapendekeza uyoka litumike kwa mionzi yenyewe, na kivuli cha uyoka kwa kazi ya sanaa. Eksirei libaki hospitalini, ambako wananchi wamekwisha kulizoea. Röntgen aliiita X kwa kuwa hakuijua. Sisi hatuna udhuru huo. Wasomaji wenye rai nyingine watuandikie.