Mubirizi wa Ziwa Tanganyika: Dawa Iliyotangulia Flavonoidi

Katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira kupitia Makobola hadi Baraka, elimu ya miti-dawa kwa sehemu kubwa imerithishwa kwa mdomo. Mmoja wa miti hiyo, unaojulikana sana Kivu na Burundi, ni mubirizi, ambao Delile aliupa jina la kisayansi Vernonia amygdalina mwaka 1826. Majani yake machungu hutumiwa kutibu homa, minyoo na maumivu ya tumbo. Jinsi mti huu ulivyoingia maabara haina budi kusimuliwa kutoka ng'ambo ya pili, kusini zaidi, katika milima ya Mahale nchini Tanzania.

Watongwe wa Mahale huuita mjonso. Baadhi ya koo zao husimulia kwamba asili yao ni upande wa Kongo. Katika miaka ya 1970 walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na mwaka 1985 milima hiyo ikawa hifadhi ya taifa. Mzee mmoja wao, Mohamedi Seifu Kalunde, alibaki akifanya kazi na watafiti wa sokwe. Mnamo Novemba 1987, yeye na Michael Huffman walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku, aliyekuwa mgonjwa na mnyonge, akichuna gome na majani ya tawi changa, akitafuna sehemu laini ya ndani, akifyonza maji yake na kutema nyuzi. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Huffman hakuufahamu mti ule. Kalunde ndiye aliyemweleza kuwa ni dawa kali ya watu wake. Taarifa yao iliyochapishwa mwaka 1989 ina majina ya wote wawili, jambo ambalo si la kawaida sana katika historia ya sayansi barani Afrika.

Katika tukio jingine la 1991, mayai ya minyoo katika kinyesi cha sokwe mgonjwa yalipungua kutoka 130 hadi 15 kwa gramu katika saa 20. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuta katika sehemu ile ya ndani glukosidi chungu za steroidi. Majani na gome, ambavyo sokwe huvitupa, vina vernodalini kwa wingi, na vernodalini ikizidi ni sumu.

Flavonoidi zilikuja baadaye. Mwaka 1994 Igile na wenzake walieleza flavonoidi tatu za majani ya mti huu, yaani luteolini na glikosidi zake mbili, wakapima uwezo wake wa kuzuia oksidisho. Ugunduzi huo ni wa thamani, lakini umebebeshwa mzigo usio wake. Luteolini imo pia katika mboga nyingi zisizo dawa ya minyoo. Isitoshe, flavonoidi zimewahi kutukuzwa kupita kiasi: mwaka 1936 Szent-Györgyi alidhani amepata vitamini mpya, akaiita P, na kufikia miaka ya 1950 jina hilo likaachwa. Kipimo cha chupani si tiba ya mgonjwa.

Alichokijua Kalunde hakikuwa jina la kemikali. Kilikuwa ni mti upi, kwa ugonjwa upi. Mambo kama sehemu ya kuchuma na kiasi cha kunywa hayawezi kusomwa katika orodha ya viambata, nayo ndiyo yanayotenganisha dawa na sumu.

Kwa upande wa Makobola, mnyororo huo ulikatwa kwa nguvu. Vita vya 1996 viliwavusha maelfu ya watu wa Fizi hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo. Kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 mamia ya raia waliuawa Makobola na vijiji jirani. Waliobaki walitawanyika, wazee upande mmoja wa ziwa, na vichaka walivyokuwa wakichuma upande wa pili.